Machozi ambayo umma ulimdai malkia

Diana alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, mwaka mmoja baada ya kutalikiana na Charles, aliyekuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza. Malkia Elizabeth, mama wa Charles, alikuwa kwenye kasri lake la Balmoral, Uskoti, pamoja na wajukuu wake, watoto wa Diana: William wa miaka 15 na Harry wa miaka 12. Akabaki huko hadi mkesha wa mazishi, huku London ikijaa maua na hasira. Filamu ya The Queen (2006), iliyoongozwa na Stephen Frears, inaisimulia wiki hiyo, na inaacha swali gumu: msiba wa mtu anayependwa na taifa zima ni wa nani?

Wanaomlaumu malkia wana hoja nzito. Chukua suala la bendera. Kwa desturi, bendera ya kifalme hupepea kwenye kasri la Buckingham, London, pale tu mfalme au malkia mwenyewe anapokuwepo, na haishushwi nusu mlingoti hata mfalme akifa, kwa kuwa mrithi hushika kiti papo hapo. Kanuni ilifuatwa barabara. Lakini waliofika langoni wakilia waliona mlingoti mtupu, na wakaelewa kwamba wamepuuzwa. Kiongozi anayelelewa na umma hawezi kuwaambia watu msiba wao haumhusu. Tony Blair, waziri mkuu tangu Mei tu, aliliona hilo mapema.

Pamoja na hayo, mimi niko upande wa bibi. Watoto wale walikuwa wamefiwa na mama, na magazeti yaliyomshinikiza ajitokeze ni yale yale yaliyochuma kwa miaka kutokana na picha za Diana alizopigwa akizikimbia kamera. Kuwaweka wajukuu mbali nayo kulikuwa kuwalinda. Hatimaye, tarehe 5 Septemba, alihutubia taifa akisema anazungumza kama malkia na kama bibi; wiki nzima nafasi hizo mbili zilikuwa zimevutana.

Filamu inamtetea malkia, kisha inateleza. Gari linakwama mtoni, yuko peke yake, analia. Ni tukio la kubuniwa na mwandishi, Peter Morgan. Kamera inakaa nyuma yake kwa heshima, lakini bado tumepewa machozi yale yale ambayo umma uliyadai, kana kwamba bila hayo tusingemwamini. Helen Mirren, aliyemwigiza malkia na kushinda Oscar kwa uigizaji huu, hakuyahitaji. Mtazame anaposoma kadi zilizoachwa kwenye maua, nyingine zikiishutumu familia yake: hasemi lolote, na huzuni yake inaonekana yote.