Chubwi Zisiyeyushwe Uani

Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa ilirushwa video ya vijana wawili wakiyeyusha sahani za betri za gari kwenye sufuria, juu ya jiko la mkaa, wapate risasi (yale madini, si ya bunduki) ya kumimina chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu. Nyuma yao mtoto anachezea mchanga. Pongezi zikamiminika: vijana wabunifu, wapewe mtaji. Hasira zangu hazijaisha.

Mvuvi anahitaji chubwi, hilo silibishi. Risasi ni nzito kuliko chuma, haishiki kutu, na inayeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu za Selsiasi. Hakuna mtu Kunduchi au Msasani atakayekubali kurudi kufunga mawe. Lakini kwenye betri hakuna risasi tupu. Sahani zile zimejaa oksidi na salfeti ya risasi, na ukizivunja zinatoa vumbi laini kama unga.

Watu wanaogopa moshi, wanasogea pembeni, moto ukizimika wanaona yamekwisha. Vumbi ndilo linalobaki. Linaganda kwenye kanga iliyoanikwa, kwenye ndala, kwenye mchanga ule ule wa uani, na mtoto anatia vidole mdomoni kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ikishaharibu ubongo, hakuna dawa ya kuurudisha. Nyingine inajificha mifupani miaka na miaka. Binti akija kubeba mimba inatoka huko na kumfikia mtoto tumboni. Shuleni ataitwa mzito wa kuelewa, nyumbani atachapwa, na hakuna atakayeikumbuka ile sufuria.

Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha wavuvi pale Dakar, Senegal, mafundi nao walikuwa wakiyeyusha risasi ya betri kumimina chubwi za nyavu. Biashara ikakua, watu wakawa wanachekecha hadi mchanga wenye mabaki majumbani mwao. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18. Kumi na wanane, jamani, kwenye mtaa mmoja wa pwani kama wetu.

Mmoja kundini akajibu kwamba Wamarekani wanayeyusha risasi kwenye gereji zao na kujitengenezea vichwa vya risasi za bastola za zamani, zile za silinda. Ni kweli. Basi tuwaige kikamilifu. Wazoefu wao huyeyushia mahali penye hewa nyingi, hawali wala kuvuta sigara hapo, wananawa, na chombo cha kuyeyushia hakirudi jikoni. Wengi hata huvipaka vichwa hivyo rangi ya unga na kuvioka kwa nyuzijoto zipatazo 200, ili risasi isigande ndani ya mtutu wala isishikwe kwa vidole vitupu. Na betri za gari wanaonyana wasiziguse: sahani zake huwa na antimoni, aseniki na kalisi, na masalia yake yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi ya sumu. Tindikali inayomwagwa mtaroni ni kesi nyingine kabisa.

Bei ya chubwi za dukani inauma, nakubali, tena kwa shingo upande. Lakini nyavu chakavu zimejaa chubwi za zamani, risasi iliyokwisha yeyushwa. BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe zetu, vikusanye hizo, vitenge sehemu moja mbali na nyumba, wamimine watu wazima wenye nguo za kazi wanazozivua hapo hapo. Betri zipelekwe kwa wenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Na mzazi ambaye uani kwake wamekuwa wakiyeyusha, amwambie daktari hivyo waziwazi na kuomba mtoto apimwe risasi kwenye damu, kwa sababu dalili zake, kama tumbo linalouma na upungufu wa damu, zina sababu nyingi, na hii haiwezi kumjia daktari akilini asipoambiwa.