Nafasi ya kudahiliwa vyuo vikuu vya juu Marekani: kipi kinapimika?

Mwanafunzi anaorodhesha sifa zake: SAT (mtihani wa kuombea chuo, wenye alama 1600) 1520, GPA (wastani wa alama za shule, kwa kawaida hadi 4.0) 3.9, mwenyekiti wa klabu ya mdahalo. Kisha anauliza, "Nina nafasi gani Yale?" Wapo watakaomtajia asilimia papo hapo, na wapo watakaomwambia swali hilo halijibiki. Wa kwanza wanajifanya kujua mengi mno. Wa pili wanatupa hata kile kinachojulikana.

Tuanze na kinachojulikana. Vyuo vingi vya Marekani hutoa kila mwaka hati iitwayo Common Data Set. Sehemu C1 inaonyesha walioomba na waliokubaliwa. C7 inataja uzito wa kila kigezo: masomo, insha, mapendekezo, makazi ya mwombaji. C9 inatoa alama za SAT na ACT (mtihani mwingine wa aina hiyo) za robo ya chini na robo ya juu ya walioanza mwaka wa kwanza. Ukiwa na 1380 mahali ambapo mpaka wa robo ya chini ni 1500, umeachwa nyuma na zaidi ya robo tatu ya darasa, na baadhi ya hao waliobaki chini ni wanamichezo waliosakwa na makocha. Anayekuambia nafasi yako ni finyu habahatishi.

C9 ina mtego wake. Chuo kikiruhusu kuomba bila mtihani, alama zinazochapishwa ni za waliozituma tu, na aliyepata alama za chini huzificha. Kwa hiyo soma kwanza asilimia ya waliotuma, imeandikwa papo hapo. Kama ni nusu tu, mpaka huo umepanda kuliko hali halisi ya darasa. Angalia pia kanuni za mwaka wako: MIT ilirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, Dartmouth na Harvard zikatangaza kufanya hivyo mwaka 2024, ilhali University of California haiangalii SAT kabisa katika udahili.

Wanaopinga asilimia wana nguvu kwa mwombaji ambaye tayari amevuka mpaka wa alama. Harvard imekuwa ikikubali takriban 4% ya waombaji miaka ya karibuni, na wengi wa wanaokataliwa wangeyamudu masomo yake vizuri tu. Kinachowatofautisha ni insha ya maneno yasiyozidi 650, orodha ya shughuli zisizozidi 10 zenye maelezo ya herufi 150 kila moja, barua za walimu, na jinsi shule ya mwombaji ilivyo. Anayekadiria nafasi yako kwa kawaida hajasoma hata kimoja kati ya hivyo.

Isitoshe, kiwango cha jumla hakimhusu mtu yeyote hasa. Nyaraka za kesi iliyopinga Harvard kuzingatia rangi ya mwombaji, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Juni 2023, zilionyesha kuwa watoto wa waliosoma hapo walikubaliwa kwa takriban theluthi moja, huku wengine wakiwa takriban 6%. Si tofauti yote inayotokana na upendeleo, maana wengi wao pia wamesoma shule nzuri. Hata hivyo, ukiwatoa hao pamoja na wanamichezo, mwombaji wa kawaida anabaki chini ya wastani uliotangazwa. Ndivyo ilivyo pia kwa maombi ya mapema yanayomfunga mwombaji: kiwango chake huonekana kikubwa kwa sehemu kwa sababu makundi hayohayo hujazana humo. Anayehitaji kulinganisha misaada ya fedha asijifunge.

Fedha ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwa mwombaji kutoka nje ya Marekani, ni vyuo vichache tu, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, visivyotazama uwezo wake wa kulipa wakati wa kuamua. Kwingineko kuomba msaada mkubwa kunaweza kupunguza nafasi, hata SAT ikiwa ileile. Tathmini isiyouliza familia inaweza kulipa kiasi gani ina pengo kubwa.

Kosa la mwisho ni la hesabu. Vyuo 10, kila kimoja 5%, vinatoa takriban 40% ya kupata angalau kimoja, lakini iwapo tu maamuzi hayategemeani. Insha dhaifu inasafiri kwenda vyuo vyote kumi. Barua baridi ya mwalimu vilevile.

Kwa maoni yangu, tathmini ipange vyuo katika makundi na iache asilimia. Chochote kinachokubali chini ya 15% kiwe cha kujaribu bahati, hata kwa mwenye 1580. Cha wastani ni kile ambacho alama zako ziko juu ya katikati na hakikatai wengi. Cha uhakika kipimwe kwa ada pia. Sheria ya Marekani inavitaka vyuo viweke kikokotoo cha gharama halisi kwenye tovuti, ila vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa wakazi wa Marekani. Mwombaji wa nje aiandikie ofisi ya msaada wa fedha aulize kiwango cha juu wanachotoa, kabla hajalipa ada ya maombi.