Leso Yapumua

Mume wangu ni Mswizi, na kwao, ninavyomuelewa mimi, karatasi ikibaki nyeupe ndiyo kazi imekamilika. Mimi mzawa wa Kibokoni, Mombasa. Kwetu leso, ndiyo kanga, ikiwa na mahali hapana ua, watu watasema rangi iliwaishia. Hawa wawili ndio wenye studio ya usanifu Mji wa Kale, na ndio waliopewa leso za sare za vugo, ngoma ya harusi ya akina mama.

Mteja alitaka maua ya korosho mekundu, pindo nene, na jina, yale maneno ya leso: MTASEMA MTACHOKA. Jina lilikuwa na mwenyewe wa kusemwa, jirani yake wa mkabala. Mtaa mzima wajua kisa.

Mume wangu akaondoa korosho zote. Pindo akalipunguza likabaki upana wa kidole. Jina akalitoa juu ya pindo la chini, lilipokaa tangu enzi za bibi zetu, akaliweka katikati ya mji, ule uwanja wa ndani ya pindo, kwa herufi za Helvetica, za kwao Uswizi za mwaka 1957, anazozitaja kama mtu anavyomtaja marehemu babu yake. Na ndogo, Mungu wangu!

"Leso lazima ipumue," akaniambia.

Basi ikapumua. Usiku wa vugo akina mama wakajifunga, pembe zikalia, na jina likaangukia makalioni sawasawa. Shangazi mmoja akatoa miwani, akainama, pua karibu iguse kalio la mtu, anasoma kwa sauti: "Mta... mta..." Mwenye kalio akageuka kufuata ngoma, shangazi akamfuata vivyo hivyo alivyoinama, duara zima.

Jirani mwenyewe alikaa mkeka wa mbele, anakula halua na kupiga vigelegele. Akiaga akasema, "Leso nzuri, shoga. Tulivu."

Asubuhi mteja akatujia, hata kiti hakukitaka. "Mwanangu, nimemsema mtu usiku kucha na hakujua!" Akamgeukia mume wangu: "Na wewe mkwe, rangi iliyobaki nirudishie."

Hajafika kona, jirani akaingia. Mwanawe anaolewa, ataka doti za ukoo mzima. Akatoa kikaratasi ndani ya buibui, akakiweka mezani. Nilipolisoma jina nikaketi.

"Herufi ziwe kubwa," akasema. "Mwenzangu hana miwani. Mimi ninayo."

Mume wangu alishafungua kompyuta, uso wote kicheko. Nikadai arbuni kwanza.