Kabla hamjaigusa nembo, tuulizeni

Kila msimu jezi mpya zikitoka, vijiwe vya Dar es Salaam vinageuka mahakama. Kola imekaa vibaya, mdhamini kajaa kifua kizima, kijani cha mwaka huu kimepauka. Hayo yote hupita. Ligi ikishachanganya na timu ikishinda mechi tatu mfululizo, jezi ile ile iliyotukanwa inatafutwa kwa tochi. Kisichopita ni kuguswa nembo. Uvumi tu kwamba uongozi umempa mtu kazi ya "kuiboresha" unatosha kukesha nao kwenye makundi ya WhatsApp.

Mimi ni Mwanasimba, na msimamo wangu hauwapendezi wenzangu wengi: nembo zibadilishwe. Hakuna nembo iliyoshushwa na malaika. Kila tunayoiapia leo ilichukua nafasi ya nyingine, na ile nyingine nayo ilikuwa na watu wake walioilia. Ninachopinga ni namna inavyofanyika, yaani mwanachama kuamka asubuhi, kufungua simu na kukuta keshaamuliwa.

Chukua Arsenal, maana mjini hapa ukirusha jiwe litampata shabiki wao. Klabu ilizaliwa 1886 kwa wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mashariki mwa London. Nembo ya kwanza, ya 1888, ilikuwa na mizinga mitatu iliyosimama wima, imechukuliwa kwenye nembo ya mji wa Woolwich. Mwaka 1913 wakahamia Highbury, kaskazini mwa jiji, na mizinga mitatu ya Woolwich haikuwa tena na kwao. Mwaka 1922 ukaja mzinga mmoja, mdomo ukiangalia mashariki. Mwaka 1925 ukageuzwa magharibi. Mwaka 1949 yakaongezwa maneno ya Kilatini. Mwaka 2002 maneno yakaondolewa na mzinga ukarudishwa kuangalia mashariki. Kwa hiyo shabiki aliyekasirika 2002 kwamba mzinga umegeuzwa, babu yake angemwambia atulie, ulishageuzwa kabla baba yako hajazaliwa.

Sababu ya 2002 ndiyo inayonivutia zaidi. Klabu ilieleza kwamba nembo ya zamani, kwa jinsi ilivyojengwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, haikuweza kulindwa na hakimiliki. Miaka hiyo hiyo walikuwa mahakamani na mchuuzi aliyekuwa akiuza skafu na kofia nje ya uwanja wa Highbury tangu 1970. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, ambayo mwaka 2002 iliegemea upande wa klabu. Chelsea nao, simba wao wa bluu aliyesimama akigeuza shingo walimwondoa 1986 wakaweka mwingine juu ya herufi CFC, kisha 2005, klabu ilipotimiza miaka mia, yule wa zamani akarudi.

Mchuuzi wa Highbury ana ndugu zake wengi Kariakoo. Pita Mtaa wa Congo au Msimbazi wiki ya Simba Day, sherehe yetu ya kufungua msimu, uone. Jezi orijino imetundikwa juu, kopi zimelala chini kwenye turubai, na kila kopi ina simba wake. Simama kwa fundi wa kudarizi ndipo utaelewa nembo inavyobadilika kikweli. Mashine inashona simba mwenye upana wa vidole vitatu. Manyoya ya shingoni yakiwekwa yote kama yalivyochorwa, nyuzi zinarundikana, kitambaa kinavutika na jicho linazama. Kwa hiyo fundi anapunguza: anafuta manyoya mawili matatu, analikuza jicho, meno anayaunganisha kuwa mstari mmoja mweupe. Hajaitisha kikao cha kamati. Ameshaibadilisha nembo ya klabu kabla ya adhana ya adhuhuri, na mteja anaivaa kwenda Temeke bila kuona tofauti.

Simba wa orijino mwenyewe ana tatizo lile lile. Leo nembo inaonekana zaidi kwenye simu kuliko kifuani, imebanwa ndani ya kiduara kisichozidi ukucha. Chochote chembamba kinapotea humo. Ndiyo sababu klabu nyingi za Ulaya zimekimbilia michoro mitupu. Juventus mwaka 2017 waliachana na ngao ya yai yenye fahali wa mji wa Turin, wakabaki na herufi J yenye mistari. Kwa macho ya biashara ni kazi safi. Kwangu mimi imekaa kama nembo ya duka la viatu, na yule fahali ndiye aliyekuwa akikwambia hawa watu wanatoka wapi.

Wasiouliza huwa wanalipia. Everton mwaka 2013 waliondoa kauli mbiu yao ya Kilatini kwenye nembo, mashabiki wakasaini malalamiko, klabu ikaomba radhi na nembo iliyofuata ikapigiwa kura na mashabiki wenyewe. Leeds mwaka 2018 walitangaza nembo ya mtu aliyeweka ngumi kifuani. Zikamiminika saini zaidi ya 50,000 za kuikataa na haikuwahi kuvaliwa. Atletico Madrid walibadilisha 2017, wakavumilia manung'uniko kwa miaka sita, kisha 2023 wakawaita wanachama wapige kura. Karibu asilimia 89 walitaka ile ya zamani irudi. Ikarudi.

Ila kama ni kisa kimoja cha kusimulia hapa Dar, ni cha Cardiff City. Klabu ya bluu, yenye ndege wa bluu kwenye nembo na jina la utani la ndege huyo. Mwaka 2012 mmiliki wao kutoka Malaysia, Vincent Tan, akaamua rangi iwe nyekundu, joka kubwa lichukue nembo na ndege ashushwe chini kadogo. Cha ajabu, timu ikafanya vizuri: 2013 wakawa mabingwa wa daraja lao na kupanda Ligi Kuu ya Uingereza wakiwa na wekundu huo huo. Kwa mantiki ya kwetu, ukishinda unasamehewa. Hawakumsamehe. Waliendelea kwenda uwanjani na skafu za bluu mpaka Januari 2015 bluu iliporudi.

Jaribu kumfanyia hivyo Mwananchi wa Jangwani, yaani shabiki wa watani wetu Yanga. Yanga waliwahi kuvutana na mdhamini wa ligi kwa sababu nembo ya mdhamini ilikuwa na wekundu, rangi yetu Simba, ndani yake. Sisi tulicheka sana. Lakini tukisema kweli walikuwa na haki, na sisi tungefanya vile vile tukiletewa kijani.

Kwetu Msimbazi mabadiliko makubwa hayakuhusu mchoro, yalihusu jina. Klabu ilianza 1936 ikiitwa Queens, ikawa Eagles, kisha Sunderland, jina la timu ya kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1971 ndipo ikawa Simba. Zilikuwa zama za baada ya Azimio la Arusha, na jina la mji wa Waingereza kwenye klabu ya Kariakoo lilishakuwa kama koti la marehemu bwana mkubwa: limekutosha, lakini kila mtu anajua la nani. Likavuliwa. Wekundu na weupe, ambao ni wa Sunderland pia, ukabaki. Hapo ndipo pa kujifunza. Waliobadilisha walijua kipi kiondoke na kipi kisiguswe.

Utamu uko mbele yake. Mwaka 1997 Sunderland wenyewe walihama uwanja wao wa zamani, Roker Park, wakabadilisha na nembo. Meli iliyokuwepo iliondolewa, katika mji ulioishi kwa kuunda meli na ambao karakana zake za mwisho zilifungwa 1988. Mahali pake wakaweka daraja la mjini kwao, mnara wa Penshaw, na simba wawili weusi wakiishikilia ngao. Sisi tuliacha kuwa Sunderland tukawa Simba. Miaka 26 baadaye Sunderland wakajipachika simba. Mtani yeyote anayesema tunaigaiga ahesabu hiyo miaka kwanza.

Yanga nao wamebeba historia yao kifuani, nawapa haki yao. Klabu ya 1935, chini ya utawala wa Mwingereza, ikajiita Waafrika vijana, na nembo ina ramani ya bara zima. Juu ya hilo kuna mwenge, ambao kwa Mtanzania yeyote unamrudisha kwenye ule uliopandishwa Kilimanjaro Desemba 1961. Mbunifu atakayekuja na kompyuta yake akisema mwenge hausomeki kwenye simu, atakuwa amesema kweli. Asikilizwe kuhusu unene wa mistari, halafu aonyeshwe mlango akigusa mwenge.

Sasa kwa nini naandika haya leo? Kwa sababu klabu zote mbili zimeingia kwenye mfumo wa hisa, wanachama asilimia 51 na wawekezaji 49. Tumebishana miaka juu ya hiyo 51: nani anaishika, inasajiliwa vipi, gawio litatoka lini. Sijasikia mtu akiuliza kama nembo imo ndani yake. Mimi naona imo, tena kabla ya viti na basi la timu. Kubadilisha nembo kuwe ajenda ya mkutano mkuu kwa maandishi ya katiba, michoro ibandikwe kwenye kila tawi mwezi mzima, na nembo ya sasa iwe mojawapo ya chaguo. Na klabu ikishaamua, iende BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ikaisajili vizuri, halafu imwite yule fundi wa kudarizi wa Kariakoo imuuzie leseni kwa bei anayoiweza, badala ya kumpelekea askari kila Agosti. Yeye anajua kuliko mbunifu yeyote ni manyoya mangapi yanashoneka.

Muda haupo mwingi. Yanga wanatimiza miaka mia 2035, sisi 2036, na hakuna klabu inayofikisha karne bila kutaka nembo ya sherehe. Watakuja na dhahabu na shada la majani, kama kawaida. Mimi kura yangu nimeshaiandaa: simba abaki, dhahabu isiwepo, na ndani ya kola, kwa herufi ndogo, liandikwe Sunderland kwa mwaka huo mmoja. Najua watani wa Jangwani watatuita Waingereza msimu mzima. Watuite.