Wanaokagua matuta nao wakumbukwe

Nimesoma makala inayowasifu wahandisi wa Jeshi la Marekani kwa kukarabati matuta ya Mto Mississippi, yaani kingo za udongo zinazozuia mafuriko. Wanastahili. Ila mafuriko ya New Orleans mwaka 2005 hayakuletwa na kimbunga Katrina peke yake. Kwenye mfereji wa 17th Street mjini humo, ukuta wa kuzuia maji ulianguka maji yakiwa bado hayajafika juu yake: ulisukumwa na maji, ufa ukafunguka kati yake na udongo, maji yakaingia humo, na udongo laini wa chini ukateleza. Mwaka 2006 wahandisi hao wa Jeshi wenyewe walikiri kasoro za usanifu wao. Kukiri huko nakuheshimu sana.

Tuta halivunjiki kwa kuzidiwa kimo tu. Mto ukijaa, maji hupenya chini kwa chini na kububujika upande wa pili yakiwa na mchanga. Hapo huzungushiwa viroba vya mchanga ili maji yapande ndani ya duara mpaka yatoke safi. Ukiziba kabisa, yatatokea kwingine. Kugundua hayo kunataka watu wa kutembea kando ya tuta usiku na mchana, na huko Marekani wengi wao si wanajeshi, ni wa bodi za matuta za mitaa. Bajeti yao ndiyo ningependa mwandishi aiulizie.