Mjomba Kapika Pilau

Pwani kwetu kuna jambo ambalo mpaka leo halijaniingia akilini. Mwanamume asiyejua kopo la chumvi linakaa wapi nyumbani kwake, mpeleke uani kwenye shughuli, mpe sufuria la kilo kumi na tano za mchele na watu mia mbili wanaongoja kula, anageuka mpishi. Nyumbani bakuli likikauka anaita, "Mama Zuhura, hapa hakuna mchuzi!" Uani anavua shati, anajifunga kikoi, anaomba mwiko. Chai ya asubuhi ni kazi ya mwanamke, pilau la harusi ni kazi ya wanaume. Nimewauliza wazee sababu, wakanijibu kwamba sufuria lile ni zito. Nikauliza nani alilibeba kutoka kwa mkodishaji. Tulilibeba sisi.

Baba Zuhura na mimi tumegawana kazi vizuri tu. Yeye ana gesi, umeme na nyoka. Mtungi ukiisha anampigia simu kijana wa pikipiki, kijana analeta, anafunga, na Baba Zuhura anasimama pembeni akisema, "Kaza hapo, kaza." Umeme wa LUKU ananunua yeye, zile tarakimu ishirini nazibonyeza mimi kwa sababu miwani yake haijulikani ilipo. Nyoka bado hajatokea. Yaliyobaki ni yangu.

Maamuzi ni yake, hilo halina ubishi. Friji tulilo nalo aliamua yeye. Alikaa kitini, akakohoa, akatangaza kwamba amefikiri sana na ameona wakati wa nyumba hii kuwa na friji umefika. Mimi nilikuwa nimebakiza malipo ya mwezi mmoja dukani. Nikamwambia, "Umefikiri la maana, mume wangu." Wiki iliyofuata likaletwa, akawasimulia wenzake barazani jinsi alivyoliamua.

Sasa, dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa anaoza binti yake hapa hapa Tanga, Ngamiani. Baba Zuhura ndiye mjomba mtu, na mjomba kwenye harusi si mgeni mwalikwa, ni mwenye shughuli. Ikaundwa kamati. Mwenyekiti mwanamume, katibu mwanamume, mweka hazina mwanamume. Wakakaa mkekani kwa kahawa na kashata jioni baada ya jioni, wakapanga tarehe ambayo wifi alikuwa ameshawapa watu wa bwana harusi kule Pangani, na bajeti ambayo daftari lake lilikuwa chini ya godoro la wifi huyo huyo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi wanawake hatukulala. Mchele tuliuchambua kwenye nyungo, viazi tukamenya, thomu na tangawizi tukatwanga, nyama ikaoshwa. Vitunguu nisiviseme, macho yangu mpaka asubuhi yalikuwa kama ya mtu aliyefiwa. Viungo nilivitwanga mwenyewe kwenye kinu: bizari nyembamba kwa wingi, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Kilichobaki kwa wanaume ni kuwasha moto na kukoroga. Hapo ndipo sifa ilipo, kwenye kukoroga.

Alfajiri ikaja habari kwamba mpishi, mzee hodari ambaye mji mzima unamjua kwa pilau, amepata msiba Korogwe na ameshaondoka. Msiba hauna mjadala. Kamati ikakutana imesimama na kumteua Baba Zuhura. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kwenye shughuli zilizopita alionekana amesimama karibu na mpishi.

Lazima nieleze nyumba ilivyokaa, maana balaa lote limetoka hapo. Wanaume uani, kwenye moto. Wanawake ndani. Katikati mlango mmoja wenye pazia la kanga, na mwenyekiti wa kamati kaweka kiti chake pale asipite mtu. Chumba cha ndani kabisa yumo bibi harusi na somo wake, yule anayemfunda, anasuguliwa mwili kwa singo ya mwisho kabla ya kuvalishwa. Humo hata mimi mkaza mjomba siingii bila kuitwa. Anayepita kotekote ni mmoja tu: mtoto wa jirani, wa miaka sita, mapengo mbele, mdomo umejaa kashata.

Wifi akampa bahasha mbili za kaki. "Hii mpelekee mjomba wako. Hii ya bi somo." Zamani, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2019, ungeona kilichomo. Siku hizi kila kitu kimo kwenye kaki, na kaki zote zina sura moja. Zaidi ya hapo, singo ile ilikuwa unga wa kahawia: liwa iliyotoka Unguja, mawaridi makavu, asumini na karafuu ndani yake. Ukifungua haraka, pua inakutana na karafuu kwanza. Pilau si lina karafuu?

Mtoto akabadilisha kashata mkono mmoja kwenda mwingine, na bahasha nazo zikabadilishana.

Kidogo nikasikia sauti ya bibi harusi kutoka chumbani. "Somo, inawasha!"

Bi somo akajibu bila haraka, "Na ndoa nayo inawasha, mwanangu. Vumilia."

Sisi ukumbini tulikuwa tunasuka ukili wa maneno na kukata kachumbari. Wifi akanusa hewa, akafurahi. "Mnasikia? Kaka yangu ameshaanza, pilau linanukia mpaka chumba cha ndani." Tukapiga vigelegele. Huko uani, nimekuja kusimuliwa baadaye, wanaume nao walisikia harufu ya mawaridi na liwa, mzee mmoja akafumba macho akasema, "Bibi harusi huyo anapambwa. Pepo inapuliza huku." Kila upande ulikuwa unausifu upande wa pili.

Pilau likamtatiza mpishi wetu. Vitunguu vyake vilikuwa vimeiva, viungo ametia, lakini rangi haiji na mafuta yanafanya povu. Akamtuma mtoto: "Nenda kamwambie mama, mbona hii haikolei?"

Mtoto akaja mbio, akasimama katikati ya ukumbi. "Mjomba anasema bibi harusi hajakolea."

Wanawake wakacheka mpaka kanga zikafunguka. Wifi akafuta machozi. "Mwambie aongeze, asiogope!"

Akaongeza. Bahasha nzima.

Chumbani sauti ikawa nyingine. Bibi harusi sasa halalamiki, anapuliza, "fyuu, fyuu", na bi somo ameanza kunong'ona dua. Nikaitwa. Nikamkuta mtoto wa watu amekaa kwenye mkeka, mabega yamemwiva, machozi yanamtoka, na bakuli la singo liko mbele yake limelowekwa kwa marashi. Bi somo akaniambia singo ya safari hii ni kali, labda ya Pemba. Nikatia kidole bakulini, nikanusa. Nikalamba. Bizari nyembamba. Nikalamba tena, pilipili manga hiyo, niliyoitwanga kwa mikono yangu.

Nilitoka mbio. Nikampigia Baba Zuhura simu, na kupitia upenyo wa pazia nikaliona shati lake limetundikwa kwenye msumari, mfuko unawaka taa na kuimba kaswida. Nikafika mlangoni, mwenyekiti akanyoosha mkono.

"Mama Zuhura, huku kuna wanaume. Tumeni mtoto."

Mtoto! Nilimwambia maneno ambayo nikiyaandika hapa mama mkwe atanipigia simu. Nikapita.

Baba Zuhura alikuwa amepanda juu ya kreti la soda, taulo shingoni, jasho linamchuruzika. Kwenye ncha ya mwiko wake limenata ua la waridi. Ndani ya sufuria, vitunguu vyangu vya kulia usiku kucha vinaogelea katika mafuta ya rangi ya udongo, na juu povu laini kabisa, povu la kuogea.

"Baba Zuhura, hicho ni nini kwenye mwiko?"

Akakiangalia. Akawaangalia wenzake. "Mdalasini mchanga," akasema.

Yule mzee wa kufumba macho akaunga mkono kwamba pilau la mabwana wa zamani ndivyo lilivyokuwa, lina mahaba ndani yake. Nikawaambia ile ni singo, na viungo vyao viko mgongoni kwa bibi harusi. Uani kukawa kimya, nikasikia kuni zinavyolia.

Shukuru Mungu nyama na mchele vilikuwa bado. Hasara ilikuwa vitunguu, mafuta na ile liwa, na wifi mpaka leo anayoililia ni liwa tu. Kamati ikasema lazima ikutane kwa dharura. Wakaenda chini ya mwembe, wakajadili chanzo, wakajadili nani amhoji mtoto, katibu akaomba karatasi. Wakati huo mashoga zangu wameshamenya vitunguu vingine, sufuria limeshasuguliwa, na mimi nimepanda juu ya lile kreti nakaanga. Walipofikia azimio kwamba vitunguu vikaangwe upya, vilikuwa vimeshakuwa vyekundu. Nyama na supu nikatia mimi. Niliposikia dufu za watu wa Pangani kwenye kona, nikashuka, nikamrudishia Baba Zuhura mwiko mkononi, nikavuka pazia. Wageni walipochungulia uani wakamkuta mjomba anapalia makaa juu ya mfuniko, amekunja uso wa kitaalamu.

Viungo vilivyobaki ndani ya ile bahasha ya bi somo havikutosha masufuria mawili. La kwanza likakolea, la pili likatoka jeupe, ubwabwa wenye nyama. Kamati, baada ya kuonja yote mawili, ikaamua lile jeupe liende kwa wanawake.

Bibi harusi tulimwosha kwa maji baridi, tukampaka mafuta ya nazi, tukamfukiza udi mpaka tukakohoa sote. Wekundu uliondoka. Harufu ya bizari haikuondoka. Alikaa kwenye kiti chake mzuri ajabu, na kila aliyeinama kumbusu aliinuka akiuliza chakula kinaletwa saa ngapi. Bwana harusi, kijana mwenye haya, alipoulizwa kesho yake na shangazi zake kama ameridhika, alisema ameridhika sana, ila chumba kile kinatia njaa.

Uani Baba Zuhura alishangiliwa. Watu wa Pangani walitaka namba yake. Mwenyekiti akasimama akatoa shukrani kwa "wapishi wetu, wanaume wa shoka", akamkabidhi bahasha. Nayo ya kaki.

Usiku tukiwa nyumbani nikaichukua mezani nikahesabu. Elfu arobaini. Mimi kazi yangu ni kuchapa katika ofisi ya wakili, na kuna hukumu moja nimeshaichapa mpaka naijua kwa moyo. Nikamweleza kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za mke nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika kuchuma mali, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kupika kumo. Kutwanga kumo. (Bi Hawa mwenyewe rufaa yake mwishowe ilitupwa, kwa sababu nyingine, lakini hilo sikuona haja ya kumchosha nalo mtu aliyetoka kwenye moto.)

Baba Zuhura akafikiri. "Hiyo si ni kwa wanaoachana?"

"Ndiyo."

"Sisi tunaachana?"

"Inategemea hiyo bahasha."

Akakohoa, akakaa vizuri kitini kama siku ile ya friji, akatangaza kwamba amefikiri sana na ameona ni haki nipate changu. Akahesabu elfu kumi na tano akanipa. Nikauliza ishirini na tano ile ni ya nini.

"Posho ya uongozi," akasema.