Fulubodi ya risoti: sisi tunakula kwa sinia, wao wanachaji kwa kichwa

Mdogo wangu anayekaa Buzuruga kanipigia juzi usiku. Wanataka kwenda risoti moja ya ufukweni hapahapa Mwanza mwezi wa 12 shule zikifungwa, siku mbili, yeye na mumewe na watoto watatu na mama mkwe wake, na hoteli imempa hadi ijumaa awe ameshalipa dipoziti na kusema anachukua nini: kulala na chai ya asubuhi tu, au hafubodi yaani chai na chakula cha usiku, au fulubodi milo yote mitatu. Akaniuliza, dada nilipie chakula kabisa au tutajijua hukohuko? Nikamwambia nipe siku mbili nikuandikie vizuri, maana hili swali mimi limeshanigharimu mara mbili, mara ya kwanza nilipokataa kulipia na mara ya pili nilipolipia, na familia yake na yangu zinafanana karibu kila kitu mpaka idadi ya watoto.

Nianze na hesabu. Tulikoenda sisi ni ufukweni upande wa Ilemela, mara zote mbili palepale. Bei ya chumba ilikuwa na chai ya asubuhi ndani yake. Ukitaka mchana na usiku unaongeza elfu 60 kwa mtu mzima kwa siku, mtoto wa miaka 4 hadi 11 analipa nusu, chini ya hapo bure. Sasa binti yangu wa kwanza ana miaka 13, kwa hoteli huyo ni mtu mzima kamili, wakati ukimwekea sahani anakula kipapatio kimoja na ndizi mbili za kukaanga anasukuma pembeni. Kwa hiyo sisi tukawa watu wazima wanne, mimi, baba watoto, bibi yao na huyo binti, hapo ni 240,000, wa pili ana miaka 8 tukaongeza 30,000, mdogo wa miaka 3 bure. Jumla 270,000 kwa siku, na bado hujanywa hata maji, maana vinywaji havimo.

Safari ya kwanza tulikula kwa menyu na risiti nilizitunza. Mchana mmoja tuliagiza sato wawili wakubwa elfu 30 kila mmoja, ugali sahani nne 12,000, mboga sahani mbili 8,000, watoto wawili wakala chipsi kuku sahani moja 15,000. Ikaja 95,000 na samaki wakabaki vichwa tu. Usiku tukala wali nyama sahani tatu 45,000, bibi supu ya kuku na chapati 14,000, watoto chipsi mayai mbili 16,000, jumla 75,000. Siku nzima 170,000. Laki moja chini ya ile fulubodi, na hakuna aliyelala na njaa.

Kwanini tofauti iwe kubwa hivyo? Sio kwamba hoteli inaiba. Ni kwamba sisi tunakula kwa sinia, wao wanachaji kwa kichwa. Sato mkubwa mmoja kwetu ni wa watu watatu, mmoja anapenda mkia mwingine anataka kichwa akinyonye taratibu, ugali unawekwa katikati mnanawa mnakula. Ukilipia kwa kichwa hiyo faida ya kushea inakufa siku hiyohiyo uliyolipa, kila mtu anahesabiwa sahani yake nzima hata yule ambaye nyumbani hajawahi kumaliza nusu. Familia yenye vijana wawili wakubwa wa kiume waliotoka bodingi hesabu hii inageuka kabisa, maana chakula cha fulubodi ni bufee, unajipakulia mwenyewe, hao wanairudia mara tatu na fulubodi itawalipa. Ila familia ya wanawake na watoto wadogo na mzee mmoja, hapana, mnawalipia wenzenu chakula.

Lakini nisiseme uongo, ile laki moja haikubaki mfukoni yote. Kuna vile vitu vya katikati ambavyo haviko kwenye mlo wowote, mtoto katoka majini saa kumi anataka chipsi, mwingine kaona mwenzake ana juisi ya embe na yeye anataka. Kwa siku vilifika kama elfu 40. Ila hivyo ungevinunua hata ukiwa na fulubodi, kwa hiyo tofauti inabaki ileile laki moja kwa siku, laki mbili kwa siku mbili. Bado ni hela, unalipa sare na daftari za muhula mzima.

Sasa nije upande wa pili, na huu ndio ulionifanya safari iliyofuata nilipie.

Chakula cha menyu kinasubiriwa. Sato wa kuchoma akitoka friza, na jiko lina oda nyingine kumi, unakaa dakika 50, saa nzima. Mwanangu wa miaka 8 alikuwa amejifunga taulo, nywele zinadondosha maji, midomo inatetemeka, kila mhudumu akipita na sahani anasimama akidhani ni yetu. Mdogo wake akalala juu ya meza, chakula kilipofika hakuamka. Ile sahani tuliifunga kwenye foili na kesho yake tukaitupa. Bufee haina hayo, saa saba kimefunuliwa unachukua.

Lingine kubwa zaidi ni bibi yao. Mama mkwe wangu ana sukari, anatumia dawa na anatakiwa ale kwa muda. Siku ya pili mchana mhudumu akampa menyu, akavaa miwani, nikamwona anapitisha kidole chake, hakuwa anapitisha kwenye majina ya vyakula, anapitisha kwenye ile safu ya bei kulia. Akafunga akasema mimi sina njaa mwanangu, nileteeni chai. Tukambembeleza, akasema asubuhi nilikula sana. Mimi nikaacha, nikidhani ni kweli. Saa kumi na nusu tupo chini ya mti akaniita kwa sauti ndogo, jasho jembamba limemjaa usoni na mikono inatetemeka, tukamnywesha soda haraka ndio akatulia, nikakaa naye pale nimeshika kiganja chake mpaka kikaacha kutetemeka. Hakusema kwanini hakula na mimi sikumuuliza, najua. Amelea watoto saba kwa jembe na mitumba, hawezi kukaa aone sato wa elfu 30 halafu aseme mniletee na mimi.

Ndio maana safari ya pili tulilipa fulubodi yote kabla ya kutoka nyumbani na sikumwambia bei. Alikula. Mchana wa kwanza alichukua dagaa, mchicha, kipande cha sangara wa nazi na ugali kidogo, akarudi tena kuchukua tikiti, na akaniambia chakula cha hapa ni kizuri. Kama mlo umeshalipwa mzee anakula, hili mtu asikudanganye kwamba ni jambo dogo, kwa mgonjwa wa sukari ni jambo la kurudi nyumbani mzima.

Ila na yenyewe ina mitego yake. Siku ya pili tuliwapeleka watoto Saanane, si mbali, unapanda boti pale Capri Point dakika chache upo kisiwani, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, watoto wakaona swala na pimbi, wakapanda mawe, tukachelewa kurudi. Tumefika risoti saa kumi bufee imeshatolewa. Nikauliza tunaweza kuwekewa hata sahani, au basi tupunguziwe, nikajibiwa chakula kilikuwepo ila nyie hamkuwepo. Mlo ule mmoja kwa familia yetu ni 135,000, na bado tukaagiza chipsi kwa hela nyingine. Ni kama bando la siku la simu, umetumia hujatumia muda ukifika linakatika. Baadaye nikaja kuambiwa kwamba tungesema jana yake wangetufungia chakula kwenye boksi tuondoke nacho, hakuna aliyetuambia na sisi hatukuuliza.

Na jumapili usiku hapakuwa na bufee. Wageni wengi walisharudi mjini, tumebaki familia tatu, jiko likasema leo mtaletewa sahani, chagueni kuku au samaki. Nawaelewa, hakuna anayepika masufuria kumi kwa watu kumi na tano. Lakini bei niliyolipa ilikuwa ya bufee.

Hapo niseme kidogo jinsi wao wanavyofikiri, kwa sababu ukilielewa hilo unajua pa kubanana nao. Jiko linapenda fulubodi kwa sababu linajua vichwa mapema, wanaenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, alfajiri wanajua wanahitaji kilo ngapi, hakuna samaki wa kuozea kwenye friza. Ziwa nalo lina tabia zake, mbalamwezi ikiwa kali dagaa wanaadimika maana wavuvi wanawavuta kwa taa gizani, upepo ukichafuka mitumbwi haitoki bei inapanda, na yote hayo wewe uliyelipa mapema hayakugusi. Hiyo ni faida ya kweli kwako. Ila na wao wanajua si wote watakaokula kila mlo, na wanaokula kidogo wanawabeba wanaokula sana. Swali ni nyie mko kundi gani.

Halafu inategemea hoteli iko wapi, na hapa ndipo naona watu wanachanganya sana. Kama mnaenda kisiwa cha Rubondo, kule ni hifadhi tangu 1977, hamna kijiji wala mama ntilie, basi usijiulize, chukua milo yote au ubebe cha kupika kama sehemu mnayolala wanaruhusu. Ukerewe ni katikati ya hayo mawili, meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya kisiwa hicho, ni masaa kama matatu, hivyo siku ya kwenda na siku ya kurudi mlo wa mchana utakukuta majini, usiulipie. Ila ufukwe wa mjini, kuanzia Capri Point mpaka huko Igombe, ukitoka nje ya geti unakutana na mwalo, kuna mama anakaanga sato hapo hapo, ugali na kachumbari elfu 6 hadi 8, kwa mchana mmoja familia nzima haifiki elfu 50. Chakula cha nje hoteli nyingi haziruhusu kuingiza, lakini hakuna anayekuzuia wewe kutoka.

Kwa hiyo kwa familia kama yetu, hapa mjini, mimi nasimama kwenye hafubodi. Usiku ndio mlo wa kulipia. Giza limeingia, mbu wameanza, watoto wamechoka na maji wanasinzia, kutoka kutafuta chakula na watoto watatu na mzee gizani ni shida isiyo na sababu, na wote mtakuwa ndani muda huo hata iweje, hivyo mlo haupotei. Mchana uache wazi. Mchana ndio mnaenda Saanane, ndio mnaenda Bujora kuangalia makumbusho ya Wasukuma, ndio mtoto kalala, ndio chai ya asubuhi mliyokunywa saa nne bado imekaa. Kwa bei za kule kwetu hafubodi ni 135,000 kwa siku, ongeza mchana wa kushea sinia 95,000 au wa mwaloni 50,000, bado mpo chini.

Kinachobaki ni mzee, na hapo hafubodi peke yake haitoshi. Nimemwambia mdogo wangu aulize kama mpango unakwenda kwa chumba, maana hoteli nyingi wanataka waliomo chumba kimoja wawe mpango mmoja, na kwao bibi atalala chumba chake na yule binti mkubwa. Basi chumba cha bibi kiwe fulubodi, chao kiwe hafubodi. Itaongezeka elfu 60 kwa siku kwa ajili ya milo miwili ya mchana, ya bibi na ya mjukuu, na mjukuu atakula kidogo kama wangu anavyokula, hiyo hasara ichukuliwe tu, kwa sababu bibi atakuwa na mtu wa kwenda naye kwenye bufee saa saba. Na aulize kabla ya kutuma hata shilingi: mlo wa kwanza ni upi siku ya kuingia, mchana au usiku, maana chumba wanatoa saa nane, je VAT imo, mtoto anaanza kuwa mtu mzima miaka mingapi, maji ya kunywa yamo, wageni wakiwa wachache bufee inakuwepo au ni sahani na bei inashuka, na tukitoka mnatufungia chakula. Wajibu kwa meseji, sio kwa simu, ili mkifika reception uwe na cha kuonyesha.

Amenijibu leo asubuhi. Hoteli wamekubali vyumba viwili mipango miwili, umri wa mtu mzima kwao ni 12, maji chupa moja kwa mtu kwa mlo, bufee ni wageni wakifika 20. Boksi la chakula wanatoa ukisema kabla ya saa mbili usiku wa jana yake. Mama mkwe wake bado hajaambiwa bei, ameambiwa tu kwamba chakula kimo kwenye chumba.